Safari ya Uwindaji: Ulizeni Kabla ya Kutoa Pesa

Mwezi uliopita nilikuwa na kikundi kimoja hapa Sachangwan, si mbali na barabara kuu ya kwenda Eldoret. Nilikwenda kuangalia vitabu vya hesabu, kazi ambayo kwa kikundi hicho haichukui hata saa moja kwa sababu mweka hazina wao ni mtu makini. Tulipomaliza, mama huyo akatoa karatasi ya rangi mkobani mwake akaniuliza, "Mwalimu, hii maneno unaionaje?"

Karatasi ilikuwa na picha ya simba, hema nzuri na mzungu aliyeshika bunduki. Ilisema kuna kampuni inayopanga safari za kuwinda wanyama wakubwa huko kaskazini, upande wa Samburu na Marsabit, na wageni kutoka ng'ambo watalipa maelfu ya dola kila mmoja. Kikundi kikitoa Sh. 60,000 za mwanzo kitahesabiwa kuwa mshirika. Vijana sita wataandikwa kazi ya kuongoza wageni porini, akina mama wawili watapata kazi ya upishi, na pesa itarudi mara tatu kabla ya mwaka kwisha. Aliyeileta, nikaambiwa, ni bwana mwenye adabu, amevaa vizuri, na ameacha namba ya simu.

Kikundi kilikuwa na Sh. 84,000 benki. Hiyo ni pesa ya viazi vya misimu miwili, na walikuwa wakiiweka kwa ajili ya tangi la maji. Vijana walitaka sana. Wazee walikuwa kimya. Mweka hazina alikuwa ameambiwa alete jibu la benki Jumatatu.

Sasa niseme ukweli ambao unanitia aibu kidogo. Sikuwakataza pale pale. Nilisema, "Kama wana leseni, si mpango mbaya, lakini ngojeni niulize." Mtu wa maendeleo aliyesoma diploma, na nikajibu hivyo! Sababu ni kwamba nimekua nikisikia habari za safari za uwindaji nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alifanya kazi hiyo ujanani, na kila Krismasi alitusimulia habari za ndovu na hema. Kwa hivyo kichwani mwangu uwindaji ulikuwa kazi halali ya kaskazini, kama vile uvuvi ulivyo kazi ya ziwani. Nilipoenda kumwuliza mzee, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo kazi iliisha kabla wewe hujazaliwa."

Jibu la sheria

Hapa Kenya hakuna leseni ya kuwinda wanyama wakubwa kwa mchezo au kwa starehe. Haitolewi Nakuru, haitolewi Nairobi, na haitolewi Marsabit. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na mwaka 1978 ikafunga pia biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyama wa porini. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013, ambayo ndiyo tunayoifuata sasa, imekataza uwindaji wa starehe waziwazi. Imekataza pia kuwinda kwa ajili ya kitoweo na kuuza nyama ya porini. Mtu hawezi kusema ati ni shamba lake, au ni ardhi ya jamii yao, kwa hivyo anaruhusu wageni wawinde. Ardhi inaweza kuwa yake, lakini mnyama si wake.

Kuna jambo moja linalochanganya watu, na huenda huyo bwana alilitumia. Kati ya miaka ya 1990 na mwaka 2003 baadhi ya wenye ranchi kubwa waliruhusiwa kuvuna idadi fulani ya pundamilia, swala na wengineo, na nyama ikauzwa hata katika hoteli za Nairobi. Wengi tunaikumbuka hiyo nyama, au tuliisikia. Lakini huo ulikuwa mpango wa majaribio chini ya KWS, haukuwa wa wageni kuja kupiga simba, na ulikomeshwa 2003. Anayekuonyesha karatasi ya miaka hiyo anakuonyesha kitu kilichokufa.

Jinsi safari ilivyopangwa zamani

Nimeona nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu anayejua jinsi kazi ya kweli ilivyokuwa hadanganywi na picha ya hema.

Baba mdogo aliajiriwa mwaka 1969 na kampuni moja ya Nairobi, kwanza kama tanboi wa lori, halafu akajifunza kuchuna ngozi. Anasema mgeni hakuja tu akashuka kwenye ndege akapewa bunduki. Mipango ilianza kwa barua, karibu mwaka mzima mbele. Mgeni aliandika anataka wanyama gani na ana majuma mangapi. Kampuni nayo ilikwenda Idara ya Wanyama kuandikisha bloku. Nchi ilikuwa imegawanywa katika maeneo ya uwindaji yenye namba, ndiyo hayo waliyaita bloku, na kundi moja lilipewa bloku yake kwa muda maalum ili watu wasipigane risasi vichakani. Ukichelewa, bloku nzuri za kaskazini zimeshachukuliwa, na mgeni wako atapelekwa mahali ambapo hakuna alichokuja kutafuta.

Baada ya bloku ilikuja leseni. Kulikuwa na leseni ya kawaida ya wanyama wadogo, na juu yake leseni maalum kwa wanyama wakubwa, kila mmoja na bei yake. Pia kulikuwa na ada iliyokwenda kwa kaunti kanso ya mahali pale. Bunduki za mgeni ziliandikwa. Kwa ndovu, nyati na wenzao sheria haikuruhusu bunduki ndogo. Ilitakiwa iwe bunduki ya kipimo kikubwa, kwa maana risasi hafifu haiui nyati, inamkasirisha tu.

Halafu lori likapakiwa, na hapa ndipo mzee huanza kuhesabu kwa vidole. Mapipa ya petroli na ya maji, hema ya kulia, hema za kulala, hema ya choo, karai la turubai la kuogea, unga, mchele, majani, sukari, taa za mafuta, springi za akiba za gari, na chumvi magunia kwa magunia. Mimi nilidhani chumvi ni ya chakula. Kumbe ni ya ngozi. Mnyama akishachunwa, ngozi isipopakwa chumvi upesi, manyoya hunyonyoka na mgeni hana cha kupeleka kwao. "Mzungu anawinda asubuhi moja," mzee alisema, "sisi tunahangaika na hiyo ngozi wiki nzima."

Kundi lao lilikuwa la watu kumi na wanane kwa wageni wawili: mpishi na wasaidizi wake, madereva, wabeba bunduki, wafuata nyayo, wachunaji, na vijana wa maji na kuni. Walipita Nanyuki wakafika Isiolo, ambako kulikuwa na kizuizi na kila gari la kwenda kaskazini liliandikwa. Baada ya hapo ni mawe na vumbi mpaka Marsabit. Barabara ya lami mnayoisikia sasa haikuwepo.

Mkubwa wa yote alikuwa mwindaji mwenye leseni ya kuongoza wageni. Huyu ndiye aliyebeba jukumu. Chama cha wawindaji hao kilianzishwa Nairobi mwaka 1934 na kilikuwa na kanuni kali: usipige ukiwa ndani ya gari, usiwinde usiku, na mnyama aliyejeruhiwa lazima afuatwe mpaka amalizwe. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa mbaya. Nyati akipigwa vibaya na kuingia kichakani, mgeni alibaki nyuma, naye mwindaji na mfuata nyayo wakaingia. Mzee anamkumbuka mfuata nyayo mmoja ambaye hakutoka. Jina lake halipo katika kitabu chochote cha uwindaji, anasema, na mimi ninaamini.

Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alitua Mombasa na mwanawe Kermit. Kwa hesabu yao wenyewe baba na mwana waliua wanyama 512 katika safari hiyo. Nyuma yao kulikuwa na msururu wa wapagazi waliobeba chumvi, mahema na hata vitabu. Alifika huku kwetu juu pia, katika nyanda za Uasin Gishu, na huko alikaa kwenye farasi akatazama vijana wa Kinandi wakimzunguka simba na kumwua kwa mikuki. Siku hiyo hakupiga yeye. Nawauliza, ni nani hapo aliyekuwa mwindaji?

Kwa nini ilifungwa

Baba mdogo alikuwa kambini Mei 1977 redio ilipotangaza. Walidhani ni maneno ya wiki mbili. Alirudi nyumbani na blanketi mbili, redio, na barua ya sifa ambayo haikumpatia kazi nyingine.

Ndovu walikuwa wameanza kulindwa kabla ya hapo, kwani leseni za kuwawinda zilisimamishwa 1973. Ndovu maarufu wa Marsabit aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliwekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970, akafa kwa uzee Januari 1974. Lakini nje ya ulinzi huo pembe zilikuwa zikitoka nchini kwa magunia, nyingine na leseni, nyingi bila. Ilikuwa vigumu kujua pembe ipi ni ya mgeni aliyelipa na ipi ni ya jangili. Kufunga uwindaji wote kulikuwa njia ya kukata kisingizio hicho.

Je, ilisaidia? Hapa nitasema mambo yalivyo, hata kama yanatupa pande mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 hivi. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000, na miaka mingi kati ya hiyo uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku. Majangili hawakusoma gazeti la serikali. Hali ilibadilika baada ya Julai 1989, wakati Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, KWS ikaundwa na askari wake wakapewa vifaa, na dunia ikakubaliana kufunga biashara ya pembe. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Kwa ndovu basi, kuna nafuu.

Lakini wanyama wengine wa nyika hawakupata nafuu hiyo. Hesabu zilizofanywa kwa ndege zinaonyesha kuwa kati ya 1977 na 2016 wanyama wa porini katika maeneo ya wafugaji walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Hakuna mgeni mwenye leseni aliyewapiga. Wamemalizwa na nyaya za mitego, ua za mashamba, mifugo mingi na ukame. Kwa hivyo mtu akiniambia marufuku peke yake imewaokoa wanyama, simkubali. Na mtu akiniambia turudishe bunduki za wageni ndipo wanyama waongezeke, huyo naye namwuliza ataanzia na wanyama wapi.

Mbona Tanzania wanawinda?

Swali hili aliuliza kijana mmoja wa kikundi, na ni swali zuri. Ni kweli wanawinda. Tanzania nayo ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikafungua tena 1978, na siku hizi unaendeshwa chini ya sheria yao ya mwaka 2009 na mamlaka iitwayo TAWA. Maeneo wanayaita vitalu. Kampuni hushindania kitalu kwa mnada, ambao tangu 2019 umefanywa kwa njia ya kompyuta, na mshindi hulipa serikali ada za kitalu hicho.

Mgeni anayepanga safari kaskazini mwa Tanzania, tuseme Longido au karibu na Ziwa Natron, hawezi kuingia peke yake. Lazima aje kupitia kampuni yenye kitalu, aongozwe na mwindaji bingwa mwenye leseni, na awepo afisa wa wanyamapori wa serikali anayeangalia kila risasi. Kila kitalu kina mgao, yaani idadi ya kila mnyama inayoruhusiwa kwa mwaka. Simba lazima awe dume la miaka sita au zaidi; akiuawa mchanga, kampuni inaadhibiwa. Mgeni hulipia siku, hulipia kibali, hulipia kila mnyama, na kwa safari ndefu ya wanyama wakubwa jumla hufika makumi ya maelfu ya dola. Bado kuna kibali cha bunduki, na bado kuna karatasi za CITES, ule mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ili aweze kusafirisha nyara zake. Hata akiwa na zote, nchi yake inaweza kukataa. Mwaka 2014 Marekani ilisimamisha kuingiza nyara za ndovu kutoka Tanzania.

Vijiji vinapata nini? Huko kuna utaratibu ambapo vijiji vinaunganisha ardhi kuwa hifadhi ya jamii na kugawana mapato ya utalii na uwindaji. Mojawapo ni Enduimet, katika wilaya ya Longido, kati ya mlima Kilimanjaro na mpaka wetu. Na hapo ndipo penye ugomvi ambao kila Mkenya anafaa kuujua. Ndovu wa Amboseli, ambao watafiti wamewafuata mmoja mmoja kwa jina tangu 1972, huvuka mpaka kwenda Enduimet na kurudi. Madume kadhaa yalipigwa huko 1994, kukawa na makelele, na kuanzia 1995 wawindaji waliwaacha. Maelewano hayo yalidumu mpaka 2022. Kati ya Septemba 2023 na mwaka 2024 madume yasiyopungua matano yaliuawa tena upande ule, na leseni zilikuwa halali kwa sheria ya Tanzania.

Watu wa huku wanasema dume mzee mwenye pembe ndefu anatazamwa na watalii miaka na miaka, na ndiye anayezaa. Watu wa kule wanasema ndovu akila mahindi yetu hamji kulia, na pesa ya uwindaji inalipa walinzi. Mimi nasikitika kwa wale madume, sifichi. Lakini pia nimeishi na watu wanaolala nje na debe wakifukuza wanyama, na siwezi kuwadharau wanaouliza faida iko wapi.

Uganda pia ilianza majaribio mwaka 2001 kwenye ranchi zilizo karibu na Ziwa Mburo, wenye ardhi wakigawiwa sehemu ya ada. Sitakwenda mbali hapo. Ninachotaka vikundi vyetu vione ni kwamba mahali pote panaporuhusiwa, kazi hii inataka mtaji mkubwa, serikali iko ndani kila hatua, na jamii inaingia kwa sababu ina ardhi yenye wanyama. Hakuna mahali ambapo kikundi cha wakulima wa viazi, kilomita mia nyingi kutoka porini, kinaitwa mshirika kwa Sh. 60,000.

Ni nani atakayefungwa

Vijana walisema, "Sisi tutakuwa waongozaji tu. Kosa ni la mwenye bunduki." Hapana. Sheria inamhesabu na anayesaidia. Aliyefuata nyayo, aliyeendesha gari, aliyebeba nyama, wote wanasimama kizimbani. Faini zake ni za mamilioni ya shilingi, na kwa wanyama walio hatarini kutoweka, kama ndovu na faru, hukumu inaweza kufika kifungo cha maisha. Kukutwa na bunduki isiyo na cheti ni kosa lingine kando. Mgeni atapanda ndege. Kijana wa Sachangwan atabaki Isiolo rumande, na mama yake atauza ng'ombe kumtafutia wakili.

Na kwa vile tumelitaja, niongeze hili kwa wale wanaoingia msituni upande wa Mau na waya mfukoni wakitafuta paa. Mnajijua. Waya huo hauchagui. Bongo wa milimani, yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, wamebaki porini chini ya mia moja katika dunia nzima, na wote wako Kenya: Mau, Eburu, Aberdare na Mlima Kenya. Akinaswa mmoja tu, hasara yake hakuna kikundi kinachoweza kuilipa.

Nilivyofanya, nanyi mnavyoweza kufanya

Nilimpigia yule bwana simu. Nilijitambulisha, nikamwomba anisomee namba ya leseni ya kampuni na jina la ofisi iliyoitoa. Akasema leseni iko njiani. Nikauliza ni eneo gani la Marsabit na jamii gani wamekubaliana nayo. Akasema hayo ni ya siri ya biashara. Nikauliza ni kwa nini pesa inatumwa kwa simu ya mtu na si akaunti ya kampuni. Akakata.

Kesho yake nilipeleka ile karatasi kwenye ofisi ya KWS katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Afisa aliisoma mara moja tu akanirudishia. Sikulipa chochote, wala sikungoja nusu saa. Hebu kumbukeni hilo: kuuliza ni bure, na ofisi iko Nakuru, nauli ya matatu moja.

Kampuni ya kweli ya kutembeza watalii, wale wa kupiga picha na si bunduki, inahitaji leseni kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyowekwa na sheria ya utalii ya 2011. Cheti cha kuandikisha kampuni si leseni. Nimeona vikundi viwili vikidanganywa na cheti chenye muhuri mzuri, kumbe kinathibitisha tu kwamba jina la kampuni limeandikwa. Na hata leseni ikiwepo, pesa ya kikundi isitoke bila mkutano, kumbukumbu zilizoandikwa na sahihi zote zilizo kwenye katiba yenu. Hapo kikundi changu kilifanya vizuri. Ile "nipeni jibu Jumatatu" haikuwatikisa.

Vijana wakaniuliza, basi hakuna kitu katika wanyama kwa watu kama sisi? Sitawadanganya. Kuna jamii zinazopata. Il Ngwesi huko Laikipia walifungua loji yao mwaka 1996. Karibu zaidi, kwenye Ziwa Baringo, Wailchamus na Wapokot waliokuwa wakiibiana mifugo walianzisha hifadhi ya Ruko, wakaletewa twiga mwaka 2011, na ziwa lilipofurika wakawavusha kwa chelezo mmoja mmoja kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Hizo ni kazi za miaka mingi, na hazikosi matatizo. Januari 2025 mahakama huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaskazini zilianzishwa bila kufuata sheria, baada ya wenyeji kulalamika kwamba hawakuulizwa ipasavyo. Lakini wote hao wana ardhi na wana wanyama. Sisi Sachangwan tuna nani? Nungunungu anayechimba viazi vyetu usiku. Hakuna mtalii atakayemlipia huyo. Kijana anayependa kweli kazi ya porini asome ualimu wa watalii au aombe nafasi za askari wa wanyama zinapotangazwa, na anione, nitamsaidia kuandika barua.

Kikundi kilikutana tena Jumamosi iliyofuata. Wawili walikuwa wameshatuma Sh. 1,000 kila mmoja, ati za fomu, bila kumwambia mwenyekiti. Walisema wenyewe, na hakuna aliyewacheka. Tuliandikisha jambo hilo polisi pamoja na namba ya simu, ambayo sasa haipatikani. Pesa hizo hazijarudi. Nimewaomba ruhusa niandike habari hii, kwa kuwa bwana huyo alitaja vikundi vingine viwili vya Mau Summit na Salgaa anavyovitembelea. Kama ni ninyi, mwambieni mweka hazina wenu aje kuniona kabla ya kwenda benki.

Tangi limelipiwa, lita 10,000. Liko dukani Molo likingoja msingi ukauke, na mvua hii ya jioni inauchelewesha.